Makopo Mawili ya Vernis

Jumatatu, tarehe 8, mwezi wa saba

Wamenichukua! Barua imefika saa nne asubuhi. Imeletwa na Cécilia wa Kituo cha Picha, juu ya baiskeli. Nimeipokea kama mtu anayepokea barua kila siku. (Nilisahau kumshukuru.)

Miaka mitatu wamenikataa. Ninaiandika hapa isije ikasahaulika. Mwaka wa kwanza maonyesho yaliitwa "Maji". Nikapeleka foto arobaini za pasipoti. Mama Régina, mkuu wa Kituo, akauliza maji yako wapi. Nikamweleza kwamba mwili wa mtu ni maji zaidi ya nusu, lita arobaini kwa makisio ya chini, kwa hiyo namletea lita elfu moja na mia sita. Akakataa. Mwaka wa pili, "Ukimya". Foto sitini za pasipoti, midomo yote imefungwa. Akakataa. Mwaka wa tatu, "Safari". Jamani, safari gani isiyoanza na foto ya pasipoti? Akakataa, safari hii kwa maandishi.

Mwaka huu ni "Karibu". Nimepeleka watu wa soko, mmoja mmoja, wamesimama kwenye mlango wa studio yangu. Wamekubali! Nimepewa karatasi kubwa kumi na mbili na nusu ya ukuta ndani ya depo ya zamani ya pamba, iliyoshikana na Kituo. Na maonyesho yakiisha, msanii mmoja wa Kasongo atasaidiwa miezi sita: apareyi mpya ya kupigia foto, karatasi, mwalimu. Mmoja.

Sasa ubaya wa barua. Nusu ya pili ya ukuta ni ya Gérard.

Foto Gérard iko ng'ambo ya njia. Hatua thelathini na moja, mlango kwa mlango. Tuna mapatano tangu 2009: ndoa na sikukuu za msikitini zangu, za misheni zake. Aliyavunja 2011, siku ya Idi. Anadai alialikwa kula tu. Kula, na apareyi shingoni!

Lazima niwe mimi. Tangu kila mtu awe na simu, studio inakufa. Wiki iliyopita waliingia watu watatu, mmoja wao alikuwa anauliza njia ya hospitali. Na shemeji Abedi, kaka wa mke wangu Asma, ameshanichongea mpini wa jembe kule Lusangi. Ametuma salamu kwamba mpini umekauka vizuri. Miaka ishirini na miwili ya ufundi, nikaishie kwenye mihogo ya shemeji!

Mwisho wa barua kuna mstari: "Vernissage: Jumamosi tarehe 20, saa tisa." Sijui ni kitu gani. Sikumuuliza Cécilia. Mtu aliyejifundisha mwenyewe haulizi. Hungoja neno lijieleze.

Jumatano, tarehe 10

Upelelezi. Nimesimama nyuma ya pazia la studio na lenzi yangu ndefu, ile niliyouziwa na mtu wa mashirika ya misaada alipokuwa anafunga virago. Kutoka saa tatu hadi saa sita.

Gérard ana ufundi mpya! Kamba. Amefunga kamba kwenye apareyi yake ya zamani, kamba ina mafundo. Mteja anashika ncha na kuiweka puani. Gérard anapapasa mafundo kwa vidole, moja, mbili, tatu, halafu anazungusha lenzi. Halafu anamwendea mteja, anamshika kidevu kwa vidole viwili, anamgeuza taratibu. Mteja anacheka. Paa! Foto.

Nimehesabu wateja watano. Wote watano wametoka wakicheka. Wangu hutoka kama waliotoka polisi.

Nimempiga foto sitini na nne, kama ushahidi. Hiyo kamba imetoka Kinshasa, au Ulaya kabisa. Na yeye hajaniambia. Hatua thelathini na moja tu, hajaniambia!

Nimenunua kamba.

Ijumaa, tarehe 12

Siku ya aibu. Mzee Moustapha alikuja baada ya sala kupiga foto ya kumtumia bintiye wa Kindu. Nikamsimamisha. Nikatoa kamba. Nikaanza na pua, ikateleza ikafika kifuani, nikaishusha hadi miguuni ili niipate sawasawa.

Akaganda. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Djamali. Miye niko mugonjwa?"

Nikamwambia hapana, mzee, ninakupima tu.

Mji huu mtu hupimwa kwa uzi mara moja tu, na yeye huwa amelala, na kinachokatwa baada ya hapo ni sanda. Nilijua. Kila Mwislamu wa Kasongo anajua. Nilisahau kwa sababu ya Gérard.

Mzee alitoka bila foto na bila fimbo yake. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Mzee Moustapha ameshapimwa. Watu saba wamekwenda kumjulia hali. Mmoja amepeleka sukari. Mzee mwenyewe, wananiambia, amelala na shuka hadi kidevuni, anawasamehe wadeni wake.

Nimemsimulia Asma. Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Baba Binti, ile kamba si ufundi. Gérard iko na mutoto wa jicho. Macho yote mbili."

Nikasema haiwezekani.

"Soko nzima inajua. Anahesabu na vidole sababu macho haitoshi tena. Watu wanacheka ili asisikie haya. Weye unamuchungulia kila siku na ile lenzi yako murefu kama bomba, hukuona?"

Chai ilipoa.

Mafundo nilikuwa nimeyahesabu. Saba. Kila moja hatua moja.

Lakini mashindano ni mashindano. Huruma ni kitu kingine, ina siku yake. Nafasi ni moja.

Jumatatu, tarehe 15

Neno limejieleza!

Nilikuwa kwa seremala Chadrack, nimekaa tu. Anapaka kitanda cha arusi kile kitu cha kukifanya king'ae. Nikasoma kopo: VERNIS. Nikasimama wima. Kusafisha ni "laver", kazi yake "lavage". Kupaka vernis, kazi yake "vernissage"! Kifaransa ni hesabu tu, ukijua kujumlisha.

Kwa hiyo Jumamosi saa tisa foto zote ziwe zimeshapakwa. Wameandika mstari mmoja mdogo, chini kabisa, kuwatega wasiosoma vizuri. Sikunaswa bure miaka mitatu!

Chadrack alikuwa na makopo mawili tu. Nimechukua yote mawili. Hata Gérard akija kujua, apake mate.

Chadrack ameuliza ni ya kitanda gani. Nimemwambia ni ya sanaa. Akauliza hiyo ni mbao ya wapi.

Jumanne, tarehe 16

Nimechapisha foto zangu kumi na mbili kwenye mashine ya Kituo. Safi. Mama Aicha wa maharagwe amesimama kama gavana.

Niliporudi, Gérard ameniita kutoka barazani kwake. Ameniuliza habari za Asma, za mtoto wetu Binti na mume wake huko Kabambare. Halafu akatoa barua ya Kituo mfukoni, imekunjwa mara nne. Akasema, kama mtu anayesema jambo dogo tu:

"Mutani wangu, nisomee. Wameandika herufi za sisimizi."

Nimemsomea. Polepole, kwa sauti nzuri. Karatasi kumi na mbili. Nusu ya ukuta. Msaada wa miezi sita, mtu mmoja. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anasikiliza redio.

Mstari wa mwisho sikuusoma.

Akasema asante, akaikunja tena mara nne. Akanipa karanga.

Karanga zilikuwa nzuri. Sikuzimaliza.

Alhamisi, tarehe 18

Nimepaka. Mkono wa kwanza asubuhi, wa pili adhuhuri. Mikeka mitatu uwanjani, foto nne kila mkeka. Asma amesimama mlangoni na kanga puani, akaniuliza kama foto imekuwa sanduku la mbao. Nikamwambia aniache, hii ni kazi ya wataalamu.

Sikuweka hesabuni mambo matatu. Kiangazi. Vumbi. Pikipiki za njiani.

Kufika alasiri Mama Aicha alikuwa na rangi ya tofali. Nikajaribu kumpangusa, vumbi likawa uji. Kuku wa jirani akapita juu ya mkeka wa pili bila haraka, kama amealikwa. Nyayo kumi na moja. Wa mwisho uko juu ya paji la uso la muuza samaki.

Bado zinang'aa. Ukisimama mbali.

Saa kumi na moja nimezikusanya vumbi lisizidi. Nimezipanga moja juu ya nyingine, nikaweka tofali juu zisijikunje.

Ijumaa, tarehe 19

Ni kitu kimoja.

Foto kumi na mbili, kitu kimoja. Kizito. Kina kona nne. Unaweza kukikalia.

Nimejaribu kisu. Mama Aicha ametoka na ndevu za muuza petroli. Nimejaribu petroli yenyewe. Pua ya muuza samaki imeondoka, sijui iko wapi. Asma hakucheka safari hii. Amenipa maji nikae chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali ni mbaya.

Nimekwenda Kituo na mpango, kopo mkononi na kile kitu kwapani. Nilitaka Mama Régina aahirishe wiki moja. Nilikuwa na sababu nne: upepo, msiba wa upande wa mke wangu (upo kila wiki, ukitafuta), mwezi, na usalama wa paa la depo. Sikufika hata ya pili. Alinusa hewa, akanusa shati langu, akaniuliza kama nimeanza useremala.

Nikamweleza. Nilimwonyesha barua, mstari, kopo. Lavage, vernissage.

Alijiuma mdomo. Akasema vernissage ni jina tu la siku ya kufungua maonyesho: wageni wanakuja, wanakunywa soda, wanaangalia. Akasema lakini nisijione mjinga, kwa sababu zamani huko Ulaya wachoraji walikuwa kweli wanapaka vernis siku kama hiyo. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa. Nimechelewa tu miaka mia mbili.

Kicheko kikatoka nyuma ya ukuta. Gérard! Alikuwa depo, anapima mahali pa misumari kwa kamba yake. Aliingia akicheka hadi akatafuta kitu cha kukalia, akakalia kifurushi changu cha foto kumi na mbili.

Nikamuuliza Mama Régina kama kuna karatasi nyingine. Akasema hakuna. Kila mtu kumi na mbili, zimekuja kwa ndege hadi Kindu na kwa pikipiki hadi hapa, zimeisha. Alisema kwa upole. Upole huo ulinimaliza. Nikaona jembe. Nikaona Lusangi yote.

Gérard akapangusa machozi ya kucheka. Akasema yeye amechapisha sita tu, macho yalichoka. Sita zimebaki.

"Chukua, mutani. Nusu ya ukuta ikiwa wazi, watu watasema Gérard amemuloga Djamali."

Nimekataa mara moja. Mara ya pili sikukataa.

Halafu, sijui kwa nini, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia kwamba Jumanne niliruka mstari. Akasema anajua. Cécilia alimsomea barua yote siku ileile ilipofika. Nikamuuliza kwa nini basi aliniomba mimi.

"Nilitaka kusikia kama utaruka."

Akapapasa fundo moja la kamba yake.

"Uliruka muzuri. Sauti haikutetemeka hata kidogo."

Cécilia akaingiza kadi yangu kwenye kompyuta tuchague watu sita wa soko. Kitu cha kwanza kufunguka kikawa upelelezi wangu. Gérard na kamba. Gérard na kidevu cha mteja. Gérard peke yake, baada ya mteja kutoka, amefumba macho na kuyaminya kwa vidole. Hiyo ya mwisho sikukumbuka kuipiga.

Nikasema hizo ni mambo ya ofisi yangu, endelea mbele. Mama Régina akaushika mkono wa Cécilia. Akatazama zote sitini na nne. Akachagua sita, za Gérard tu. Nikamwambia kwamba watu wa soko wana mwanga bora, na kwamba hizi zimepigwa kutoka hatua thelathini na moja, hilo si "Karibu" hata ukilipwa useme hivyo. Akasema hakuna foto ya karibu kuliko hizo katika depo nzima.

Ni lugha ya wasanii hiyo.

Jumamosi, tarehe 20

Watu mia moja arobaini na watatu. Nimehesabu mara mbili, mlangoni na kwenye soda. Mzee Moustapha amekuja kwa miguu yake mwenyewe, na akatangaza kwa kila mtu kwamba yeye ni mzima. Shemeji Abedi amekuja na pikipiki kutoka Lusangi. Mpini ulikuwa umefungwa nyuma! Anasema alikuwa anapita tu.

Gérard alifika na koti la Pasaka. Foto zake sita ni watu walioshika ncha ya kamba, wanamwangalia mtu wanayempenda. Nimetafuta kosa dakika kumi. Moja imeinama kidogo kushoto.

Halafu akaja upande wangu. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Watu wote wanajua, wote wanajifanya wanaangalia soda zao.

Akasema polepole:

"Mutani. Niko naona kitu cheusi na kitu cheupe. Nieleze."

Nilieleza. Ningefanya nini? Nilianza na hesabu, ndiyo njia yangu. Nikamwambia hapa uko umeinama, mvi kumi na nne zinaonekana juu ya sikio la kushoto. Vidole viwili viko chini ya kidevu cha yule mama muuza chumvi, na umekishika kama mtu anayeshika yai la kuazima. Yeye anacheka, jino moja halipo. Hapa unahesabu mafundo, mdomo uko wazi kidogo, kama mtoto anayejifunza kusoma. Hapa umekaa. Hakuna mtu. Apareyi iko mapajani.

"Na uso?"

Nikamwambia umechoka.

"Muzuri ao mubaya?"

Nikamwambia mzuri. Nikainyoosha karatasi ukutani, ingawa ilikuwa imenyooka.

Akaendelea kuangalia kule kusikoonekana. Halafu akauliza kwa sauti, depo nzima isikie:

"Weye, Djamali! Mvi zangu umezihesabu tangu mwaka gani?"

Depo ikaangua kicheko. Mimi pia. Shemeji Abedi ameniuliza baadaye nimekaa nyuma ya pazia kwa saa ngapi kupata foto hizo. Nikamwambia tatu, na miaka ishirini na miwili. Amerudi Lusangi na mpini wake.

Jumatatu, tarehe 22

Msaada amepewa Gérard.

Nilikasirika dakika arobaini. Nilitembea hadi sokoni na kurudi, nikatunga barua ya malalamiko yenye vipengele tisa. Kipengele cha nne kilikuwa kikali sana.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Cécilia barazani, Asma anampa chai. Anasema Gérard amemwambia Mama Régina kwamba apareyi mpya haitaki bila mtu wa kumwambia kilichomo ndani yake. Mama Régina akauliza mtu yupi. Gérard akasema yuko mmoja tu Kasongo nzima aliyemwangalia vya kutosha. Kwa hiyo ni sisi wawili. Miezi sita, apareyi moja, karatasi nusu kwa nusu. Mama Régina pia anaulizia madaktari wa macho wanaopita Kindu.

Nimekwenda ng'ambo kumshukuru. Nikaishia kumkumbusha Idi ya 2011. Akanipa karanga. Safari hii nimemaliza.

Barua ya malalamiko nimeiweka. Inaweza kufaa mwakani.

Jumatano, tarehe 24

Barua mpya! Wanatupa NYUMBA.

Nimeisoma mara tatu ili kuwa na uhakika. "Résidence", imeandikwa wazi, kwa herufi nzito. Mimi na Gérard, "résidence ya wiki sita, ndani ya Kituo". Gavana ana résidence. Askofu ana résidence. Sasa na sisi! Wiki sita bila shaka ndizo za kuijenga. Ni haraka kidogo kwa vyumba vinne, lakini Kituo kina watu. Chini kuna maneno mengine, vitanda, chakula cha mchana, tarehe ya kuanza kazi na, baada ya wiki sita, tarehe ya kurudi nyumbani. Mambo madogo. Sikuyatilia maanani.

Nimemwambia Asma asilime nyuma ya nyumba msimu huu, tunahama. Akauliza kama nimemuuliza Cécilia. Nikamwambia Cécilia nimuulize nini, Kifaransa ninakijua.

Mchana nimekwenda nyuma ya depo, nimepima kiwanja kwa hatua. Kumi na nane kwa kumi na mbili. Panatosha, na uwanja wa kuku. Chadrack atatengeneza milango mitano, nimeshampa vipimo, ameanza wa kwanza. Chumba cha Gérard nimekiweka upande wa mawio, na madirisha mawili badala ya moja, macho yake yapate mwanga wa asubuhi ukiwa bado mpole.

Yeye mwenyewe sijamwambia. Ataona.